Ramani za Kale za Mji wa Unguja na Ushuhuda wa Ardhi

Katika kitabu cha Yubile ni desturi kuandika habari za wamisionari, za shule na za majengo. Habari hizo ni njema, nao wenzangu wameziandika. Mimi nimeombwa kuandika habari za jambo lililo chini ya majengo yote, nalo ni ardhi. Kila kanisa lina kiwanja chake, na kila kiwanja kina historia yake kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Nani alikuwa nacho? Nani alikiuza, nani alikitoa, nani aliondolewa? Mambo haya huandikwa katika hati na kuchorwa katika ramani. Walakini si yote huandikwa, wala si yote huchorwa.

Ili jambo hili lipate kueleweka, nimechagua mji mmoja, yaani mji wa Unguja. Msomaji wa Liparamba, au wa Liuli, au wa Mbamba Bay, aweza kuuliza: sisi watu wa Ruvuma na wa Ziwa Nyasa tuna nini na viwanja vya Unguja? Tunacho kitu, tena kikubwa. Kipo kiwanja kimoja katika mji ule ambacho watu wa pande zetu walikifahamu kuliko watu wengi, ingawa majina yao hayamo katika hati yake. Basi tuanze na kiwanja hicho.

I. KIWANJA CHA MKUNAZINI

Mnamo mwaka wa 1866 Dkt. David Livingstone alipita Unguja kabla ya safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Alikwenda kuliona soko la watumwa, akakuta watu wapata 300 wamewekwa wauzwe. Akaandika katika daftari yake kwamba walio wengi walitoka Ziwa Nyasa na mto Shire. Naye aliwatambua kwa nyuso zao na kwa chale zao, maana alikwisha kukaa katika nchi hizo. Njia waliyopitishwa yajulikana. Wengine walivushwa ziwa kwa majahazi kutoka upande wa Kotakota, alikokaa Jumbe. Wengine walikamatwa upande huu huu wa mashariki. Wakapelekwa kwa miguu mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa wakapakiwa vyomboni hata Unguja.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, soko likafungwa. Wamisionari wa UMCA, ambao walikuwako Unguja tangu mwaka wa 1864, walitaka kiwanja kile. Padri West alinunua sehemu kwa fedha yake mwenyewe, na tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo, alitoa kipande kilichokuwa karibu. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873 jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, na siku ya Krismasi ya mwaka wa 1877 ibada ya kwanza ikafanywa ndani ya kanisa, ijapokuwa kazi ya kujenga ilikuwa haijakwisha. Yasemekana altare imewekwa mahali uliposimama mti wa kuwapigia watumwa mijeledi. Askofu Steere alifariki mwaka wa 1882, akazikwa humo.

Sasa tutazame jambo moja. Habari za kiwanja zamtaja aliyenunua na aliyetoa. Katika ramani za mji, mahali pale paitwa kwanza soko, kisha paitwa kanisa. Karatasi hizi ni za kweli, hazisemi uongo. Lakini wale wapata 300 wa mwaka 1866, na maelfu waliowatangulia na kuwafuata, hawana hata mstari mmoja katika habari za kiwanja hicho. Walisimama juu ya ardhi ile bila ya kuimiliki, na hawakuweza hata kuimiliki miili yao. Tungalipewa ramani peke yake, tusingalijua kwamba babu zetu walifika pale. Tunajua kwa sababu mtu mmoja aliyeona aliandika, na kwa sababu wazee wa huku walisimulia habari za waliochukuliwa wasirudi.

II. MPAKA ULIOTAJWA KWA MAJIRANI

Zamani, kabla ya wapimaji wa Kizungu, mji wa Unguja ulikuwa na hati zake. Mtu aliponunua nyumba ya mawe alikwenda kwa kadhi, hati ikaandikwa kwa Kiarabu mbele ya mashahidi. Hati hiyo haikuwa na picha. Mpaka ulielezwa kwa maneno, upande kwa upande, kibla na suheli, matlai na magharibi: upande huu nyumba ya fulani, upande huu njia, upande huu kiambaza cha fulani. Yaani mpaka ulikuwa majirani. Aliyetaka kujua nyumba ya mtu inaishia wapi alipaswa kuwajua wanaoipakana.

Tena ilikuwako desturi ya pwani ambayo yafaa ikumbukwe, kwa kuwa ndiyo chanzo cha mambo ya baadaye. Kwa desturi hiyo ardhi ilikuwa kitu kimoja, na kilichosimama juu yake kilikuwa kitu kingine. Mtu aliweza kuwa na mnazi katika shamba la mwenziwe, na aliweza kuwa na nyumba yake mwenyewe juu ya kiwanja cha mwingine. Mwenye kiwanja alimpa ruhusa ya kujenga, naye mjengaji alimpa heshima na utumishi wake. Kwa miaka mingi watu wengi walijenga hivi bila ya kutozwa kodi.

Mji wenyewe ulisimama juu ya rasi ya Shangani, na upande wa mashariki ulizungukwa na hori ya maji ya bahari, hata ukawa karibu kisiwa. Mfaransa mmoja, Kapteni Charles Guillain, alifika mwaka wa 1846, na ramani ya mji iliyochorwa katika safari yake ni mojawapo ya zile za kale zinazotumiwa na wanahistoria mpaka leo. Humo twaona nyumba za mawe zikielekea baharini, na vibanda nyuma yake. Ng'ambo ya hori palikuwa pangali na mashamba na nyumba chache. Lakini mji ulikua, na maskini, wageni wa kutoka bara na watumwa walioachwa huru wakavuka hori wakajenga upande wa pili. Upande huo haukupewa jina la mfalme wala la mtakatifu. Uliitwa Ng'ambo tu, na jina hilo lenyewe ni ramani: humwambia msikilizaji kwamba aliyelitoa alisimama upande wa mawe.

III. WAPIMAJI WAJA

Mwaka wa 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Serikali mpya yataka kujua mambo matatu: mji una ukubwa gani, nyumba ni za nani, na kodi yaweza kupatikana wapi. Kwa hiyo wakaja wapimaji. Mwaka wa 1892 mji ulichorwa na Imam Sharif, Khan Bahadur, Mwislamu wa Bara Hindi aliyejifunza kazi hiyo katika idara ya upimaji ya India. Ramani yake ni hazina. Kwa hiyo wataalamu wa leo huweza kuona mji wa mawe na mitaa yake ulivyokuwa, na jinsi Ng'ambo ilivyokwisha kukua.

Walakini kila ramani ina macho ya aliyeiagiza. Nyumba ya mawe hudumu, mwenyewe ajulikana, hati iko. Hiyo huchorwa kwa uangalifu. Nyumba ya udongo na makuti hujengwa leo, kesho hubomoka na kujengwa tena hatua kumi mbele. Mpimaji huona kibanda, haoni desturi iliyompa mtu haki ya kukijenga. Katika karatasi kiwanja huwa na mwenyewe mmoja, naye ndiye mwenye cheti. Ile haki ya pili, ya mtu aliyeruhusiwa akakaa miaka thelathini na kuwalea watoto wake hapo, haina rangi katika ramani.

Baadhi ya viwanja vya Ng'ambo vilikuwa wakfu. Matajiri waliotaka thawabu waliviweka kwa ajili ya maskini, na wengine kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru, wakae wao na vizazi vyao. Mwaka wa 1905 serikali iliunda tume ya kusimamia mali za wakfu. Wakfu ni neno lenye maana nzito: mali iliyotolewa haiuzwi, hairithiwi, wala hairudi kwa mtoaji. Lakini hata wakfu huhitaji shahidi. Pale ambapo maneno ya mtoaji hayakuandikwa, au waliosikia walikwisha kufa, ilikuwa vigumu kwa maskini kusimama mbele ya mahakama na kusema, Kiwanja hiki tulipewa.

IV. KODI YA KIWANJA

Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka wa 1897. Watu waliokuwa huru walijaza Ng'ambo, na viwanja vikapanda thamani. Wenye vyeti, kwa kuwa sasa mahakama iliwatambua kuwa ndio wenye ardhi, walianza kudai kodi kwa kila kibanda, na mwaka hata mwaka wakaipandisha. Zingatia jambo hili: nyumba ilikuwa ya mkaaji. Yeye alinunua miti, yeye alikanda udongo. Alitozwa kwa ajili ya ardhi iliyokuwa chini ya godoro lake, ambayo baba yake alikaa juu yake kwa ruhusa na heshima tu.

Mwaka wa 1928 subira ikaisha. Wenyeji wa Ng'ambo, wanawake kwa wanaume, walikataa kulipa kodi ya kiwanja. Walioshtakiwa wakafungwa, na kundi kubwa la watu likaenda gerezani kuwatoa kwa nguvu. Mimi siandiki haya ili kusifu fujo, maana fujo huumiza kwanza aliye dhaifu. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu serikali ilipotazama habari yenyewe iliona ya kuwa lazima kodi ile iwekewe mipaka kwa sheria. Maneno ya watu wasio na karatasi yalisikiwa, lakini yalisikiwa kwa kuchelewa, baada ya uchungu mwingi. Kama desturi yao ingaliandikwa mapema, huenda pasingalikuwa na haja ya gereza.

V. RAMANI ZA MAMBO YASIYOKUWAPO BADO

Ziko ramani za namna nyingine, ambazo hazionyeshi mji ulivyo bali mji utakavyokuwa. Mwaka wa 1923 Mwingereza Henry Vaughan Lanchester alitoa mpango wake wa kupanga mji wa Unguja. Mpango wa mwaka 1968 ulifanywa na wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo yaliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Baada yake yalijengwa majumba marefu ya Michenzani, yanayokutana kama msalaba katikati ya Ng'ambo. Watu wengi walipata makao mazuri. Lakini ili majumba yapate nafasi, vibanda vilibomolewa, na mitaa iliyokuwa na majina ikafutika. Hata hori ile iliyougawanya mji ilikwisha kujazwa udongo kidogo kidogo. Leo mtu avuka Darajani bila ya kuona maji wala daraja; jina peke yake ndilo lililobaki.

Mji Mkongwe, yaani upande wa mawe, uliandikwa na UNESCO mwaka wa 2000 miongoni mwa urithi wa dunia. Ng'ambo ilikaa muda mrefu bila ya kuangaliwa. Ndipo mwaka wa 2019 kikatolewa kitabu cha ramani za Ng'ambo, ambamo ramani za kale ziliwekwa pamoja na habari za wenyeji wenyewe: wapi palikuwa na ngoma, wapi palikuwa na kisima, mtaa huu ulipataje jina. Hii ndiyo kazi niisifuyo. Karatasi ya mpimaji na kinywa cha mzee vilikaa katika ukurasa mmoja.

VI. MSTARI ULIOPITA KWETU

Sasa turudi nyumbani, maana sisi pia tumechorwa. Tarehe 30 Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walipatana juu ya mpaka wa nchi walizozidai. Walikubaliana kwamba mpaka ufuate mto Ruvuma kutoka baharini mpaka unapokutana na mto Msinje, na kutoka hapo uende moja kwa moja kuelekea magharibi mpaka pwani ya Ziwa Nyasa. Sehemu ya kwanza ni mto, ambao kila mtu auona. Sehemu ya pili ni mstari tu, uliopigwa kwa rula juu ya karatasi. Mstari huo ndio mpaka wetu sisi wa Liparamba na ndugu zetu wa Msumbiji.

Waliopatana hawakuwauliza Wanyasa, wala Wamatengo, wala Wangoni, wala Wayao. Mstari haukujua kwamba mke katoka kijiji hiki na mume kijiji kile. Haukujua makaburi wala mashamba. Twaona basi kwamba lile lililowapata watu wa Ng'ambo liliwapata na watu wa huku: karatasi ilinena peke yake, majirani hawakuitwa kushuhudia. Mpaka huo umekuwa mpaka wa nchi huru, nasi twauheshimu kama sheria itakavyo. Lakini kuheshimu mpaka si kusahau undugu.

Ziwani nako kuna mfano mwingine wa kiwanja. Huko Likoma wamisionari walikokaa tangu mwaka wa 1885, kanisa kuu la Mtakatifu Petro, lililoanzwa kujengwa mwaka wa 1903, lilisimamishwa mahali palipoitwa Chipyela, ambapo zamani watu walioshtakiwa uchawi walichomwa moto. Mkunazini na Chipyela ni viwanja viwili vya machozi vilivyogeuzwa kuwa mahali pa sala. Lakini msimulizi asipokuwapo, watoto wetu wataona kuta tu, wasijue kuta hizo zimesimama juu ya nini.

VII. LITUPASALO KUTENDA

Mambo haya si ya zamani tu. Ardhi ya vijiji vyetu yaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa sheria hiyo kijiji hupimwa mipaka yake na kupewa cheti cha ardhi ya kijiji, na mwanakijiji aweza kuomba kwa halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria yatambua kwamba ardhi iliyoshikwa kwa desturi ni haki kamili, si ruhusa ya mtu mwingine, na kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kushika ardhi sawa na mwanamume. Mjane aliyelima shamba na marehemu mumewe asidhani kwamba hana neno.

Haki hiyo yahitaji mashahidi wa namna mbili, karatasi na majirani. Shamba linapopimwa, wanaopakana husimama na kusema, Hapa ndipo. Huo ni ushuhuda ule ule wa hati za kadhi wa Unguja. Basi mzee ajuaye kwamba mpaka wapita kwenye mti huu na jiwe hili, na aseme sasa, mbele ya vijana, na maneno yake yaandikwe na kutiwa tarehe. Liparamba ina mipaka ya namna nyingi: mpaka wa nchi, mpaka wa pori la akiba, mpaka wa kijiji na kijiji, mpaka wa shamba na shamba. Mpaka usioandikwa huzaa ugomvi baada ya mazishi ya aliyeujua.

Kwa walimu nina neno la pekee. Mtakapowaonyesha watoto ramani yo yote ya kale, wafundisheni kuuliza maswali manne. Ilichorwa mwaka gani? Nani aliiagiza? Aliitaka kwa kazi gani? Na mahali palipoachwa peupe palikuwa na nini? Swali la nne ndilo kubwa. Peupe katika ramani si lazima pawe patupu katika nchi. Kisha watoeni darasani, wachore ramani ya kijiji chao wenyewe. Watie barabara na shule, lakini watie pia kisima cha zamani, njia ya kwenda ziwani, makaburi, mti wa mikutano, shamba la kanisa na jinsi lilivyopatikana, na nani alilitoa. Waandike jina la kila kijito kama bibi zao wanavyolitamka. Ramani hiyo iwekwe shuleni, na nyingine parokiani. Gharama yake ni karatasi na wino, na siku chache za kutembea.

Tunaposherehekea Yubile twahesabu miaka na majengo, nayo ni furaha ya haki. Tena Yubile ya kwanza, kama isomwavyo katika kitabu cha Walawi sura ya 25, ilihusu ardhi hasa: kila mtu arudi katika milki yake, na aliyeuzwa awe huru. Wale waliosimama Mkunazini hawakurudi. Hatuwezi kuwarudishia shamba wala jina. Tuwezalo ni kuhakikisha kwamba katika parokia zetu hakuna mjane, wala yatima, wala mzee asiyejua kusoma, atakayeondoshwa katika ardhi yake kwa sababu karatasi ilinena na majirani wake wakanyamaza.